Kwenye Video, Mwarobaini Bado Umesimama

Mshauri wetu mpendwa, Haja Awadia,

Naomba unisaidie, na naomba jina langu usilitaje, maana gazeti hili linasomwa katika kila nyumba ya Wasudani hapa Faisal, na nikitajwa adhuhuri, kabla ya alasiri shemeji yangu atakuwa ameshasimuliwa na mama muuza chai. Mimi ni mzee, nilikuwa mwalimu wa jiografia Omdurman mpaka serikali ya wakati ule iliponiachisha kazi, nikaja Kairo na mke wangu tukisema tutakaa hadi mambo yatulie, na hayo tuliyasema zaidi ya miaka thelathini iliyopita, watoto wetu wamezaliwa hapa, wameoa na kuolewa hapa, na hata wakikasirika wanakasirika kwa lafudhi ya Wamisri. Usinionee huruma kwa hilo, nimezoea. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu Babikir, na kwa ajili ya mti.

Vita vilipoanza kwetu Omdurman, Babikir alimleta mkewe Batuli na mwanawe wa pekee, Mutasim, mpaka kwenye basi, wakaja kwetu, naye akarudi kulinda nyumba ya baba yetu, kama walivyobaki wanaume wengi, kila mmoja akisema ni wiki mbili tu. Tangu siku hiyo maisha yangu ni simu. Naishika kabla ya kutia udhu. Tuna kundi la mtaa wetu, watu waliotawanyika kutoka Port Sudan hadi Kanada, na humo vita vinapiganwa upya kila siku, huyu anasema daraja limetekwa, yule anasema limekombolewa, wa tatu ana binamu yake aliyelivuka leo asubuhi kwenda kununua sukari. Na chini ya kila habari maneno ni yale yale, Imetumwa kama ilivyonifikia, yaani mtumaji ameshanawa mikono.

Mimi nilijipa kazi ya kupima. Nikiletewa picha naangalia kivuli kimeangukia upande gani, mnara unaoonekana ni wa msikiti upi, majani yana vumbi au yameoshwa na mvua, kisha naandika kwa adabu kwamba ndugu zangu, hii si ya leo, au hapa si kwetu. Sikupendwa kwa hilo. Kuna kijana aliye Kanada aliniandikia mbele ya watu wote, "Ami, wewe ulitoka kwa ndege enzi za babu zetu, mtaa wenyewe umeusahau. Kunywa dawa zako ulale." Mwingine akanibatiza Mzee Zima-Taa, na jina likashika, siku hizi hata mke wangu hulitumia ninapokataa chumvi kwenye chakula.

Sasa nifike kwenye mti. Mwaka jana wakati wa baridi, baada ya kimya kirefu, Babikir alipata mtandao kwa mtu mwenye chombo cha setilaiti, akanipigia. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Kaka, nimeukata mwarobaini."

Nikamuuliza, "Upi?" ingawa nyumba ile ina mmoja tu.

"Wa Batuli, wa langoni. Gesi hakuna, mkaa hakuna, na jiko la mtaa linapika adesi kwa nyumba arobaini, watoto wanakula mara moja kwa siku. Tulikata matawi mpaka yakaisha. Jana nimeuangusha wenyewe. Usimwambie Batuli, tafadhali. Nitamwambia mwenyewe siku nikimwona, ana haki ya kunitukana uso kwa uso."

Haja, mti ule, nilivyosimuliwa nikiwa huku, Batuli alikuja nao kutoka kwao Shendi siku alipoletwa bibi harusi, mche mdogo ndani ya kopo la samli, ameupakata kama mtoto, na shangazi zetu wakamcheka kwamba bibi harusi kaja na kuni zake. Miaka ishirini na sita aliumwagilia. Nilimwahidi Babikir kwamba sitasema, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Kabla ya Ramadhani kundi likatangaza kwamba Babikir amefikwa na kombora kwenye foleni ya maji. Inna lillahi. Tukatandika mikeka sebuleni kwetu, watu wakaja wakainua mikono kwa fatiha, majirani zetu Wamisri wakaleta kahawa isiyo na sukari, Batuli akavaa nyeupe akaingia eda. Na eda haijafika nusu, ikaja video.

Babikir ameketi kwenye kitanda cha kamba mbele ya lango, amekonda, ana glasi ya chai mkononi, anaiinua kama anayekukaribisha, anasema, "Waambieni tupo. Mwizi akija atamkuta mwenyewe." Chini yake imeandikwa, Jana asubuhi, imetumwa kama ilivyonifikia. Vigelegele nilivyovisikia siku hiyo nadhani vilifika ng'ambo ya Nile. Batuli alivua nyeupe palepale mbele ya wanawake, akataka hina. Mutasim alinibeba juujuu, mzee mzima, akaniambia, "Ami, baba yuko hai! Ulisema kundi ni la waongo watupu, haya sema sasa!" Nikacheka nao, na nilicheka kweli, kwa sababu mara ya kwanza niliuona uso tu. Mara ya pili nikaona kivuli begani mwake, nikafuata kivuli kinatoka wapi. Mwarobaini uko nyuma yake, umesimama, na majani yake yote.

Kwa hiyo video ile si ya jana wala ya juzi, ilipigwa kabla ya ile simu, na simu ilikuwa kabla ya kombora. Mtu ameikuta mahali akaibandika tarehe mpya, pengine kwa nia njema. Katika watu wote wa kundi, ninayejua ni mimi peke yangu, nami sikusema. Nilijiambia nimeahidi. Nilijiambia mara hii taa nisiizime mimi. Nilipomweleza mke wangu akasema, "Mwache mwanamke apumue. Na mwarobaini huchipua, wewe unajua." Huchipua, kweli, lakini si kwa miezi mitatu, na si mpaka ukafunika ukuta.

Ningeweza kuendelea kunyamaza mpaka nife, lakini Mutasim anaondoka Jumamosi. Amekata tiketi ya basi la Aswan, kutoka pale atavuka mpaka, ataingia ndani amfuate baba yake. Ana miaka ishirini na minne. Ameshaaga watu, na Batuli anamkaangia vitu vya safari huku anaimba. Jana alikuja na karatasi akaketi mbele yangu, "Ami, wewe ndiye mwalimu wa jiografia, nichoree njia iliyo salama." Nikamwambia macho yananiuma, aje kesho.

Nikisema, nitakuwa nimemuua ndugu yangu mara ya pili, kwa kinywa changu mwenyewe. Nikinyamaza, kijana anaingia vitani akiifuata picha. Nifanye nini, Haja?

Ndimi,
Zima-Taa, Faisal.

*

Mwalimu,

Hilo jina jingine sitakuita, walikupa watu waliotaka kudanganywa vizuri. Majina yote ya barua yako nimeyabadilisha, hata hilo, lakini mti hauna jina la kubadilishwa, kwa hiyo wahi kabla ya mama muuza chai.

Pole sana. Ndugu yako umemzika bila maiti, ukarudishiwa, na sasa unaye mkononi peke yako hujui kama ana joto au amepoa. Barua yako niliisoma nikalia, nikaisoma tena nikakasirika, na nakujibu ningali na hasira, kwa hiyo vumilia. Kijana anafunga mizigo wewe unaandika gazetini! Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kama hujafanya lolote mpaka hapa unaposoma, imebaki siku moja.

Unasema ukisema utamuua Babikir mara ya pili. Huna uwezo huo. Wewe hujui kama amekufa, na mti nao haujui. Unachokijua ni kitu kimoja, kwamba video si ya jana. Tangazo la kifo nalo lilikuja bila shahidi na bila mtu aliyesema nimemzika kwa mikono yangu, nanyi mkatandika mikeka. Miaka yote hii umewakemea watu kwa kuongeza maneno chini ya picha, basi na wewe usiongeze. Ukienda kumwambia Batuli "mumeo hayupo", utakuwa umetuma kama ilivyokufikia, sawasawa na wao.

Anza na Mutasim. Mwite leo, wewe na yeye tu, na simu yenye ile video iwe mezani. Mwonyeshe mti, mwambie baba yake alichokuambia. Atakuuliza kwa nini ulinyamaza, na atakuuliza vibaya. Usijitetee kwa ahadi. Mwambie, "Nilimtaka awe hai kama unavyomtaka wewe." Hilo atalielewa, hata kama si leo.

Ramani usimchoree. Hata akilia, hata akisema atakwenda bila hiyo. Huenda akasema anakwenda hivyo hivyo, na kijana wa umri ule hafungwi kamba na ami yake. Lakini mwambie kwamba kumfuata baba anayekusubiri langoni na glasi ya chai ni safari moja, na kumtafuta baba asiyejulikana aliko ni nyingine kabisa, na hii ya pili haianzi kwa basi. Inaanza kwa kuuliza. Na hapa, Mwalimu, nikukosoe katika kazi yako mwenyewe. Umepima vivuli, umepima minara, umehesabu majani. Ile video haikujipiga. Kuna mtu alisimama mbele ya Babikir ameshika simu, na Babikir alimwambia, "Waambieni tupo." Je, ulishawahi kuuliza kundini mtu huyo ni nani? Na wale waliopika naye adesi, waliogawa sahani kwa nyumba arobaini, hao hawajui nani alikwenda kuchota maji siku ile na nani alirudi? Mpe Mutasim kazi hiyo. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyako na ana uchungu wa kumfanya asichoke. Anayeleta habari aulizwe: uliona kwa macho yako? Kama hakuona, nani aliona? Mfuateni huyo.

Kisha nendeni kwa Batuli, asubuhi, ili awe na mchana mzima mbele yake. Mkeo aende nawe, na namwambia hapa hapa gazetini: dada yangu, najua unampenda Batuli, lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo, na furaha ile ni ya kuazima. Pumzi unayotaka avute itamkaba siku atakapojua ninyi mlijua. Kundini msiandike neno mpaka yeye awe ameambiwa kwa mdomo. Na kama arudi katika eda au asirudi, hilo silo la kwako, si langu, wala si la kura ya watu wa Kanada. Kuna masheikh wa kwetu hapa Kairo waliokwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda. Mpelekeni aulize mwenyewe.

Sasa sikiliza namna ya kusema, maana hapo ndipo ninapokuhofia. Usimwekee mti mezani kama mpelelezi aliyepata ushahidi. Mwanamke huyo alipakata mche ule kutoka Shendi. Mwambie habari yote kama ulivyoniambia mimi: kwamba matawi yaliisha kwanza, kwamba watoto walikuwa wanakula mara moja, kwamba Babikir aliuangusha kwa mkono wake, akaona haya, akaomba atukanwe uso kwa uso. Tangu vita hivi vianze umepokea maelfu ya habari kutoka mtaa ule. Hiyo moja ndiyo uliyoisikia kwa sauti ya mwenyewe, bila mkono wa tatu, nayo ndiyo uliyoificha. Babikir alikuomba umtunzie mpaka atakapomwona mkewe. Akirudi, atakugombeza, nawe utafurahi kugombezwa. Asiporudi, nani mwingine atamfikishia Batuli kwamba mti wake ulipika chakula cha mtaa mzima?

Atatukana. Mwache, haki hiyo aliahidiwa. Amtukane Babikir, akutukane wewe, autukane na mti kwa kuwa umekubali kukatwa. Usimnyamazishe kwa aya wala kwa methali.

Atakapochoka atakuuliza swali moja, nakuambia mapema ili usije ukajitia kujua. Atakuuliza, "Shemeji, mwarobaini ukikatwa huchipua?" Mjibu kwamba huchipua, kisiki kikiachwa. Atauliza kama kiliachwa. Siku ile ya simu hukumuuliza Babikir, kwa hiyo sema hujui. Kisha usiinuke. Kaa hapo hapo na usiitoe simu mfukoni.

Haja Awadia