Lensi za Dereva wa Grue

Kalemie, tarehe 6 Mei 2024

Yaya Godelieve mupendwa,

Salamu kutoka huku ziwani. Nyumbani mimi, bibi yangu Philomène na binti yetu Mireille tuko wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linaamka kabla yangu. Wewe na watoto huko Lubumbashi muko namna gani? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Philomène anasoma simu yangu kama katekisimu, na jambo hili sitaki bibi yangu alijue.

Yaya, navaa lensi: vile vioo laini vya kubandika juu ya jicho. Mwezi wa sita daktari wa bandari anatupima macho, na dereva wa grue, ile mashine ya kunyanyua mizigo, asiyeona vizuri anashushwa chini, kupanga magunia depo. Miwani yangu inateleza kwa jasho. Juzi nusura niweke kontena juu ya shefu wetu wa kazi. Basi mufanyabiashara mumoja wa Kigoma akaniuzia hizi.

Kujitia kidole ndani ya jicho! Siku ya kwanza nilitapika ndakala, vile visamaki vikavu, zote za asubuhi. Sasa nimezoea. Ikikauka, nailamba kidogo, narudisha. Kulala, nalala nayo. Mwenzangu Cédrick amesema ukiitoa kila siku inalegea. Jumamosi naiosha na maji ya ziwa, maana sisi tumekua tukiyanywa, yatatufanya nini? Naogopa kitu kimoja tu: isije ikateleza nyuma ya jicho ikafika kwenye ubongo. Wewe dada yangu mukubwa wa kliniki ya macho, niambie.

Mudogo wako,
Barthélemy

Lubumbashi, tarehe 14 Mei 2024

Mudogo wangu,

Huku tuko salama, pole kwa goti. Barua yako nimeifungua mezani, nikasukuma sahani. Kulamba! Kinywa chako hicho, ambacho marehemu Mama alikuwa anakisugua kwa nguvu na bado kinanuka!

Maji ya kunywa, tumbo linajua kupigana nayo. Jicho halina tumbo. Ndani ya maji, ya ziwa hata ya robinet, yale ya bomba, kuna kadudu kanakojificha chini ya lensi na kula jicho polepole. Lensi inaoshwa kwa dawa yake tu, kwa mikono safi na mikavu, na inatolewa kabla ya kulala. Kulegea? Uongo mutupu.

Na kwenye ubongo haiwezi kufika, mujinga wangu. Nyuma ya kope pameshonwa kama mufuko. Itajificha humo, basi. Yaani isiyo na hatari umeiogopa, yenye hatari umeilamba!

Zitoe leo. Jicho likiwa jekundu, hospitali siku hiyohiyo. Na nani alikupima kabla ya kukuuzia?

Yaya wako,
Godelieve

Kalemie, tarehe 27 Juni 2024

Yaya mupendwa,

Natumaini ninyi ni wazima. Habari yangu mimi, kaa kwanza, na usiwe mezani.

Aliyebeba barua yako alishuka njiani Nyunzu kwa matanga, akakaa huko wiki tatu. Wakati huo jicho la kushoto lilikuwa kama nyanya iliyokanyagwa. Nilikwenda kutoa lensi, sikuiona. Nikajua imefika kwenye ubongo, nikawa natembea polepole isitikisike. Watu wa bandari walidhani nimeokoka.

Asubuhi moja kope ziligandana kwa usaha. Philomène akazilowesha, akageuza ya juu: ikatoka, imekunjamana, ya njano, inanuka samaki wa juzi.

“Papa Mireille! Umefuga nini humu?”

Akakimbia nje kutema mate, akarudi, akanipeleka hospitali. Barua yako ikaingia jioni ileile.

Jicho wameliokoa, lakini limebaki na doa jeupe, kama tone la uji. Daktari wa bandari akalifunika la kuume, akanionyesha herufi; nilisoma moja, na hiyo pia nilibahatisha. Sasa niko depo. Grue amepewa Cédrick.

Jana akanifuata.

“Papa Barthélemy, ile lensi ya kuume si ilibaki nzima? Nipe. Kule juu macho yananichoka.”

“Imeishi ndani ya jicho langu mwezi muzima.”

“Nitaiosha na maji ya robinet.”

Yaya, sikubishana. Nilivua miwani, nikamuvuta mulangoni penye jua, nikalipanua lile jicho kwa vidole viwili. Alitazama. Akarudi nyuma, mukono kinywani, akatapikia gunia la sementi ya Kabimba.

“Basi, Papa,” akasema. “Basi, lifunge.”

Gunia nimelisafisha mimi mwenyewe, tena kwa furaha.

Mudogo wako wa jicho moja na nusu,
Barthélemy