Mche wa Mkorosho

Manyoni, Jumanne

Bado nina hasira. Leo kwenye mkutano wa kijiji nimesema tena kwamba sisi wajukuu wa wakimbizi tumezaliwa hapa, na hapa ndipo kwetu. Mzee mmoja akauliza, "Sasa Burundi mtarudi lini?" Watu wakacheka.

Nimerudi na mche wa mkorosho tuliogawiwa. Tangu akimbie vita, Bibi hupanda mahindi na maharage tu, vitu vya kuvuna upesi, asije akaviacha.

"Mche huu utazaa lini?" akaniuliza.

"Baada ya miaka mitatu, Bibi."

Akachukua jembe, akachimba shimo, akanisubiri.

Sikuweza kuutoa mche kwenye kiriba, kile kifuko chake cha plastiki. Mimi, msemaji wa watu, niliyesema hapa ndipo kwetu! Nikamwambia jua ni kali mno, tungoje.

Jua lilikuwa limeshazama.