Msiwashe Jiko, Kiungo cha Gesi Kinavuja

Wanangu,

Msiwashe jiko wala msiguse swichi ya taa. Chukueni vitabu, mkasomee kwa jirani.

Asubuhi nimepaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba la gesi, yakatoa mapovu. Ndicho alichokikaza mjomba wenu jana, akinicheka: “Dada, tangu shemeji afariki unaogopa hata bomba!”

Baba yenu, fundi wa mabomba hayo, alisema kiungo kikivuja hakikazwi, hubadilishwa. Siku mlipuko ulipomchukua, mwenzake alikuwa amekikaza tu.

Nimefunga valvu, nimemfuata fundi.

~~Mjomba akija, mpikieni chai.~~ Mjomba akija, asubiri nje. Spana yake nimeondoka nayo.

Mama