Kaka Aliifuta Alama, Mama Anaitwa Mwongo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: namchukia kaka yangu. Darasani tunasoma kwa lugha nyingine, lakini hasira zangu zote huja kwa Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mwenye haya, mwalimu akiniuliza swali nameza mate mpaka anachoka na kumuuliza mwingine. Kompyuta ndiyo naiweza. Kaka ameajiriwa kuitengenezea hospitali mfumo wa kumbukumbu za dawa, yaani kompyuta kadhaa zinagawana taarifa za wodi zote, kila moja inachambua fungu lake na kuliandika kwenye hifadhidata moja, na kinachoziunganisha na hifadhidata hiyo ni programu ndogo inayoitwa dreva, na dreva hiyo tumeibuni wote wawili kwenye meza ya chakula, yeye akichora, mimi nikiandika. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kila taarifa ipewe alama yake ya pekee, kwa sababu mtandao ukikatika dreva haijui kama taarifa imefika au la, basi huituma tena, na hifadhidata ikiona alama ileile inajua hii nimeshaipokea, inaitupa. Kaka akaifuta. Kisa? Kukagua alama kunachelewesha kidogo, naye alitaka mkubwa wake aone mfumo unakimbia. Nikamwambia taarifa zitaandikwa mara mbili, akacheka, "Bibi mashaka wewe, mtandao wa hospitali haukatiki ovyo."

Ukakatika. Mama yetu ni muuguzi hapo hapo. Alimdunga mgonjwa sindano moja, kompyuta ikaandika mbili, mkuu wa wauguzi akamfokea mbele ya wodi nzima, na mgonjwa akanyimwa dozi iliyofuata eti asije akazidishiwa. Mama karudi nyumbani, anasema, "Wanangu, nimedunga mara moja, naapa," na kaka, mshauri, kaka huku anajipakulia chakula, anamjibu, "Mama nawe, labda umesahau. Umri huo."

Umri huo! Nilitaka kumrushia sahani. Sikurusha, nikaenda kuosha vyombo. Baadaye nikambana koridoni, akaninong'oneza, "Nitarekebisha kimyakimya. Ukifungua mdomo nimefukuzwa kazi, na usisahau aliyeiandika ni wewe." Mwisho wa mwezi mama anapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Jana nimemkuta jikoni anajiuliza peke yake kama kweli alisahau, ameanza kuamini, mshauri, na mimi ninayejua nime... viatu vya kaka hivyo, anakuja huku, naificha hii kara

*

Binti yangu,

Barua yako imekatikia katikati ya neno na bado umeituma, kwa hiyo usiniambie huna ujasiri.

Pole sana. Sasa acha nikugombeze. Kuona haya darasani naelewa. Kumwacha mama yako ageuzwe punguani ndani ya nyumba yake, wewe unasugua masufuria, sielewi na sitaki kuelewa. Na wagonjwa wengine je? Kila mtandao unapokatika, kuna mtu kitandani anayekosa dawa kwa sababu kompyuta inasema keshapewa. Hao hukuwataja hata kwa mstari mmoja.

Kaka yako simtukani hapa, ana mama. Ila umwelewe vizuri: akirekebisha kimyakimya, kompyuta itaanza kusema kweli kesho, na sindano ya uongo itabaki na jina la mama yenu milele. Na hicho kitisho chake kwamba uliandika wewe ni upuuzi mtupu. Wewe uliweka kinga, yeye akaing'oa.

Nimemsomea barua yako fundi wa kompyuta wa hapa ofisini. Akaguna, akasema, "Waangalie sekunde." Kwenye kioo wauguzi wanaona saa tu, lakini ndani ya hifadhidata sindano zote mbili zitakuwa na sekunde ileile. Hakuna binadamu anayedunga mara mbili ndani ya sekunde moja.

Basi usingoje kamati. Kesho asubuhi nenda na mama yako kwa mganga mkuu, wafungue kumbukumbu hizo, na wodi zirudi kuandika kwa kalamu mpaka alama irudishwe. Ukiona maneno hayatoki, usiyalazimishe: beba kompyuta yako, iwashe dreva bila alama, chomoa waya taarifa ikishafika lakini jibu halijarudi, uchomeke tena, wajionee moja inavyozaa mbili.

Kaka atafoka, huenda akafukuzwa. Ni mtu mzima, atajitetea mwenyewe. Kumchukia au kumsamehe utaamua baadaye, hilo halina haraka.

Lenye haraka ni la leo. Mama akirudi kutoka kazini mkalishe, mshike mikono, mwambie: "Mama, hukusahau."