Mwanao Hapigi Kutoka Mbali

Kamembe, Jumatano

Yaya wangu Nzigire,

Nakusalimu, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni nikiwa mzito kama gunia la mihogo, na hujawahi kunikumbusha, ila kila tunapoonana. Kifua kimepoa? Shemeji na batoto wote ni wazima? Sisi huku tupo. Mimi nanenepa, randa yangu ndiyo inayokonda.

Ujumbe wako umenifikia kupitia Feza wa vitenge. Amesema umelia sokoni, kwamba Muhigirwa wetu ameuawa kwa fimbo. Yaya, Feza akiona kuku amechinjwa huku, anavusha mto Ruzizi habari za ng'ombe watatu. Mwanao yu hai. Lakini damu ilimwagika, sikufichi, na nyingine ilikuwa yangu.

Unaujua ule mchezo padri wetu Mkanada aliotuletea, hoki. Kwao wanaucheza juu ya maji yaliyoganda. Sisi, kahawa ikishaanuliwa, tunauchezea kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia. Badala ya mpira tuna kisahani kilichokatwa kwenye tairi, na fimbo zilizopinda nachonga mimi, za timu zote, maana adui naye ni mteja. Wengi wetu tunapiga popote tulipo. Mimi nikiona goli, napiga. Nisipoliona, napiga vilevile. Msimu mzima nimefunga mara moja, na kisahani kilikuwa kimemgonga padri makalioni kwanza.

Mwanao ni muntu mwingine. Hapigi kutoka mbali hata umtukane. Anakibembeleza kisahani hadi miguuni pa kipa, anangoja kipa alale, ndipo anakisukuma taratibu kama mama anayerudishia mlango mtoto akisinzia. Akipiga mara tatu, mbili zimeingia. Padri alisema kwao watu wangelipa kuitazama subira ile. Vijana wakamwita Profeseri. Nami nikazunguka Kamembe nzima nikitangaza kwamba subira hiyo ni ya ukoo wetu. Usicheke.

Ila anayekwenda karibu ndiye anayepigwa. Jumapili ile walipanda kwetu vijana wa mpunga wa Bugarama, na kapiteni wao Ndayisaba, mwenye shingo kama kinu. Alitangaza mbele ya watu kwamba leo Profeseri atasomea chini. Wakamchapa vifundo vya miguu; akainuka, akafunga. Wakamvunja kidole, akakiviringishia kitambaa cha shati, akafunga tena. Mara ya tatu alikuwa amemkaribia kipa, nami nikamwona Ndayisaba akija kutoka ubavuni, fimbo juu, akitokea mbali kabisa. Nilipiga kelele. Mwanao hakukwepa. Fimbo ikatua juu ya jicho. Mlio ule huwa nausikia nikipasua mkaratusi mkavu tu. Alianguka kifudifudi, damu ikafuata nyufa za saruji.

Hapo mchezo ukaisha, vita ikaanza. Watu waling'oa nguzo za goli wakapigana nazo. Mmoja alipasuliwa kichwa kwa tofali, mwingine aling'atwa sikio. Mimi na tumbo langu nilimrukia Ndayisaba, tukagaragara, akaning'oa meno mawili ya mbele, nami nikamng'ata mkono kwa yaliyobaki. Padri alipuliza filimbi mpaka mtu akamnyang'anya. Nilipoinuka niliiona ile fimbo imelala, nywele za mtoto wetu zimegandia kwenye mkunjo. Patasi yangu ndiyo iliyoulainisha mkunjo ule.

Sasa keti, yaya, nikwambie lenyewe. Odette, muuguzi wa dispanseri, alimshona, akangoja uvimbe ushuke, kisha akamsimamisha mbele ya ukuta wenye herufi. Alimpima kwa jicho lile zima. Muhigirwa akauliza herufi ziko wapi. Odette akadhani anataniwa. Mwanao haoni zaidi ya hatua chache, na anasema ndivyo ilivyo tangu utotoni. Hakuwa akimngoja kipa alale. Alikuwa akilitafuta goli. Alidhani watu wote wanaona hivyo, na kwamba sisi tunaopiga kutoka mbali ni wajinga tu. Kwangu mimi hakukosea.

Hiyo ndiyo subira ya ukoo niliyoitangaza. Na kila alipovunjwa, mjomba wake nilimpigia makofi arudi karibu zaidi.

Padri amempatia miwani. Alipoivaa alitazama ng'ambo ya ziwa, akaniuliza zile nyumba zote za Bukavu kwenu zimejengwa lini. Nikajifanya nakohoa.

Jana akashika fimbo akapiga kutoka mbali kama sisi, mpaka jasho likamtoka, na hakufunga hata moja. Bugarama wanataka marudiano. Basi akavua miwani, akasema ataingia karibu kama zamani. Nikamnyang'anya fimbo, nikaibana kwenye benchi la kazi, nikaikata kwa msumeno vipande vya kuni. Hasemi nami tangu hapo. Na anune.

Feza anatangulia na barua hii; nimeifunga kwa gundi ya mbao, ila akiifungua, naye namsalimia. Muhigirwa anavuka daraja Jumamosi. Akifika, usimkimbilie. Mshono ni mbaya, lakini usilie kwanza. Simama mwisho wa ua, penye masufuria yako, umwache asimame mlangoni na miwani yake. Anasema anaijua sauti yako, na uso wako ukiwa umemwinamia. Ukiwa mbali, hajawahi kukuona.

Nisalimie wote wa Kadutu, hata wasioniulizia. Na ukipenda, mwambie Feza nimekufa, tuone nitafika sokoni nikiwa maiti ngapi.

Ni mimi mdogo wako, kibogoyo,
Mulume