Viatu vya Duki

Mbozi,
14 Agosti 1937

Kwa dada yangu mpendwa Priska,

Salamu nyingi zikufikie hapo Msangano, wewe, shemeji Ezron na wapwa zangu wote. Je, kikohozi cha shemeji kimetulia? Ulezi mmevuna salama? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha.

Umeuliza mdogo wetu Osea aliumiaje huku shambani, na kwa nini nimekaa kimya. Nitakueleza, lakini lazima nianze na farasi, usikasirike.

Duki, farasi wa bwana wetu, mzungu mwenye shamba tunayemwita Miwani, alianza kuchechemea wakati wa masika. Bwana akasema asipopona kabla ya kahawa kuiva atampiga risasi, fisi nao wale. Mimi ndiye mtunzaji wake, na sikufichi, nilimpenda mnyama yule kuliko watu wengi wa hapa. Kaburu mmoja aliyepita na magari ya ng'ombe akielekea mpakani akamkagua, akasema viatu vya chuma vimezibana kwato mpaka zimesinyaa. Ving'olewe vyote, atembee pekupeku. Bwana akacheka, akasema haya, jaribuni, risasi haiozi.

Basi nikang'oa misumari, nikasawazisha kwato kwa tupa, nikawa namtembeza taratibu, kwanza kwenye majani mabichi, halafu mchanga wa mtoni, mwishowe barabara ya kokoto. Mwanzoni alikuwa akisimama na kutetemeka, nami nikisimama naye. Nikamfundisha kuninyooshea mguu mwenyewe nikimgusa goti. Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu, Duki alikuwa anakimbia. Dada, nililia kwa furaha, watu wakanicheka.

Kumbe kuna jambo hatukulifikiria. Zamani tulimsikia bwana kabla hajafika, chuma kikigonga mawe, na aliyekaa kupumzika akainuka haraka kushika kazi. Sasa Duki alikuja kimya kama paka. Bwana aligundua kabla yetu, akafurahi mno. Akina mama walichapwa wakinyonyesha watoto. Watu wakaacha kunisalimu. Mama Sekela alitema mate mbele yangu, akaniambia nimempa yule mzungu miguu ya chui.

Osea alikuwa na homa, akaketi chini ya mti wa kahawa. Bwana hakumpiga kiboko. Alimpitishia farasi juu, na goti likavunjika. Nilipiga magoti nikiomba tumpeleke hospitali ya misheni, bwana akanijibu mbele ya wote kwamba nimwache atembee pekupeku, kwani si mimi ndiye fundi, atapona kama farasi. Wanyapara wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mpaka bwana aliporuhusu tumbebe kwa machela, mguu ulikuwa umekwisha kuoza. Wameukata, dada. Mama nimemwambia alianguka tu.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Juzi nilimdanganya bwana kuwa kokoto za kiangazi zinakula kwato, afadhali tumvishe Duki viatu vya mbele. Akakubali. Nilimgusa goti, naye akaninyooshea mguu mwenyewe, vilevile nilivyomfundisha. Msumari mmoja niliupeleka ndani, kwenye nyama. Alitetemeka mwili mzima lakini hakunipiga teke. Nadhani aliona ni tiba. Leo hawezi hata kukanyaga, na bwana amesema atampiga risasi kesho asubuhi. Mimi ndiye nitakayeshika kamba.

Nilidhani nitafurahi. Lakini mchana huu bwana ameniita barazani, akanisifu kwa kazi niliyoifanya kwa Duki, akasema mwaka huu watu wamechuma kahawa nyingi kuliko miaka yote. Farasi mwingine yuko njiani kutoka Iringa. Akifika, nimeagizwa nimng'oe viatu siku hiyohiyo.

Tafadhali mama asijue. Wabusu wapwa zangu, na shemeji mpe mkono wangu. Osea naye anakusalimu, anaomba shemeji amchongee gongo la mti mgumu, maana hili alilopewa limeanza kupinda.

Ni mimi mdogo wako,
Yonasi