Asilimia Tisini na Moja ya Nereida

Cabaiguán, 4 Machi 2023

Binti yangu Yusdelis,

Salamu nyingi, na kabla ya yote: kifua kimepona? Nasikia upepo wa huko Montevideo hauna adabu, humwingia mtu hadi kwenye mifupa. Mimi mzima, ila goti linanung'unika. Paka naye mzima, amenona kunishinda.

Nina habari. Nimemaliza kuingiza kanda za marehemu mama yako, Nereida, kwenye kompyuta. Zote ishirini na mbili, saa kumi na moja za sauti yake akiwasomea wasokota sigara kule kiwandani: magazeti asubuhi, riwaya mchana. Kanda zenyewe zimekwisha. Kila moja ilipomaliza kuzunguka ilipukutika kama jani kavu la tumbaku. Ya mwisho hata sikuisikiliza, niliishika kwa kidole isikatike huku nikiomba Mungu. Sasa Nereida yuko ndani ya kompyuta hii tu.

Umeme wetu unaujua, na mtandao nao ni wa kudondoka tone tone. Kwa hiyo nimezitia kwenye ile programu ya kugawana. Faili linakatwa vipande vidogo, na kila mwenye kipande humpa asiye nacho. Nimewaambia wasokota wa zamani, popote walipotawanyika. Eufemia wa meza ya mbele yuko Tampa siku hizi, na amekwisha kuanza kuvuta vipande.

Ila kuna adabu zake, mwanangu. Ukishapata zote, usifunge kompyuta. Iache ikae na wengine wapate. Mtu hainuki mezani na sufuria mkononi.

Mimi baba yako,
Argelio

*

Montevideo, 20 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, usiwe na wasiwasi. Goti lako lipake mafuta ya moto, usilipigie kelele tu.

Zimefika! Siku arobaini zilikuwa zinadondoka, na Jumapili nikaona asilimia mia. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kwenye duka la mikate, unga bado kwenye nywele. Nikalala sakafuni penye jua, nikamwacha Mama asome. Baba, sikufuata hata hadithi. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kugeuza ukurasa, na wale wasokota wakigonga visu vyao vya kukatia tumbaku mezani kumshukuru, ko-ko-ko, chumba kizima. Nikapitiwa na usingizi. Nikaota niko chini ya meza, natazama viatu vya watu, na sauti yake inashuka juu yangu kama moshi.

Tangu hapo kila mchana nalala naye. Sijawahi kufika mwisho wa kanda hata moja.

Yale majina yako ya nambari nimeyabadilisha. Sasa kuna "Mama na mvua", "Mama akikohoa", "Mama amekasirika na gazeti". Halafu kila nikimaliza kusikiliza nafunga kompyuta naiweka kabatini, isije ikaibwa.

Wako akupendaye,
Yusdelis

*

Cabaiguán, 2 Mei 2023

Yusdelis,

Natumai u mzima. Mimi si mzima, nimekasirika, na hiyo nayo ni homa.

Nilikuambia nini? Umekula, umefuta mdomo, umefunga mlango! Sisi tulikuwa na jina la mtu wa namna hiyo: kupe. Anashiba anadondoka. Na hayo majina mapya ndiyo yamemaliza kabisa. Programu inaitafuta kanda kwa jina nililoliandika mimi. Ukilibadilisha haiioni tena, hata ukiwasha kompyuta mwaka mzima. Kwa wenzako ni kama umezifuta.

Sasa watu kumi na tisa wananivuta mimi peke yangu, na umeme unakatika mara nne kwa siku. Eufemia ana miaka themanini na moja na macho hayaoni. Amesikiliza nusu ya riwaya, anasubiri nusu nyingine. Ananiuliza, "Argelio, yule mwanamke alirudi kwa mumewe au hakurudi?" Nimjibu nini mimi?

Nimekupa mama yako mzima mzima. Kweli asante ya punda ni mateke. Rudisha majina, washa kompyuta.

Baba yako

*

Montevideo, 9 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Umeniita kupe. Sawa.

Nikuulize: mimi nilipata nini? Kwa miaka ishirini na sita Mama aliwasomea watu mia mbili kutwa nzima. Nyumbani alifika hana sauti. Mimi nikimwambia, "Mama, nisomee," ananionyesha koo kwa kidole, ananipa chai ya limau niishike, tunakaa kimya. Riwaya nzima nzima walipewa wao. Mimi nilipata mnong'ono. Eufemia wako alimsikia kwa saa nane kila siku ya Mungu, na bado hajashiba?

Safari hii yuko kabatini kwangu, ananisomea mimi. Kama hiyo ni tabia mbaya, basi nina tabia mbaya. Usiniandikie tena habari za kompyuta.

Yusdelis

*

Cabaiguán, 30 Agosti 2023

Mwanangu,

Salamu baada ya kimya kirefu. Sijui kama wala vizuri. Huku joto limezidi, paka analala ndani ya beseni la kufulia. Mimi naendelea.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Ni kweli. Nilikuwa fundi wa vipaza sauti, kazi yangu ilikuwa sauti yake imfikie aliyekaa meza ya mwisho. Haikunijia akilini kwamba meza ya mwisho kabisa ilikuwa nyumbani, na wewe ndiye uliyekaa hapo. Nisamehe.

Na mimi pia nilikosa adabu. Wenzako walipokuwa wakivuta, niliibana njia yao ili wewe upate kwanza. Katika kugawana hilo halifanywi. Matokeo yake wote wamekwama kwenye asilimia tisini na moja. Kanda mbili za mwisho zilitoka kwangu kuja kwako tu.

Sikulazimishi. Ninakuomba, kwa ajili ya Eufemia.

Siku hizi namwota mama yako. Amekaa kwenye kiti chake kirefu, amefungua kitabu, midomo inatembea, na wasokota wote wanasikiliza. Mimi tu sisikii. Naenda kuongeza sauti, nazungusha kitufe, nazungusha, wapi. Naamka goti linauma.

Baba yako akuombeaye,
Argelio

*

Montevideo, 17 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mia.

Eufemia amenipigia simu. Sijui namba yangu kaitoa wapi. Hata salamu hakunipa. "Wewe mtoto," kasema, "mimi ni kipofu lakini wewe ndiye usiyeona. Unadhani baba yako anakuomba kwa ajili yangu? Mimi na uzee wangu nimeshajua yule mwanamke hakurudi kwa mumewe, wanaume wenyewe hao! Argelio hana kitu! Umeme ulirudi kwa kishindo mwezi wa sita, ukaunguza kompyuta yake. Amepata nyingine mbovu, anavuta kwetu kama sisi tulivyovuta kwake. Yeye mwenyewe amekwama kwenye tisini na moja. Anamwomba mkewe kwako na anaona haya kusema."

Nilikaa chini hapo hapo dukani, nyuma ya magunia ya unga, nikalia.

Kwa nini hukusema, Baba? Ungesema, nisingekuacha hata siku moja.

Nimeitoa kompyuta kabatini. Kurudisha majina kumenichukua siku tatu, maana sikukumbuka "Mama na mvua" ilikuwa nambari ngapi. Nikaanza kusikiliza mwanzo wa kila moja, kwa sababu Mama hutaja tarehe kabla ya kusoma. Nikazipanga kwa tarehe, moja moja. Ya ishirini na mbili nilisikiliza tarehe tu nikasimama. Hiyo iwe yako kwanza.

Jana adhuhuri programu ikazitambua. Mara vitone ishirini vikawaka, kama watu waliokuwa wamesimama nje ya mlango wakingoja kimya. Kimoja kimeandikwa Cabaiguán. Ni wewe. Nakuona, Baba. Uko tisini na mbili sasa.

Sifungi tena. Mwenye nyumba nimemwomba, kasema sawa. Kompyuta iko dirishani, inanguruma kama paka wako.

Kupe wako,
Yusdelis

*

Cabaiguán, 26 Septemba 2023

Binti yangu, roho yangu,

Salamu. Leo usiniulize habari za goti.

Imefika mia asubuhi, nikiwa nachuja kahawa. Nikakaa. Nikamsikiliza hadi mwisho, kanda ile ambayo niliishika kwa kidole bila kusikia. Eufemia alisema kweli, yule mwanamke hakurudi. Mama yako akafunga kitabu, wasokota wakagonga visu, ko-ko-ko, nami nikajikuta nagonga meza kwa kijiko, mzee mzima peke yangu jikoni. Nilidhani imekwisha.

Haijaisha. Nilisahau kuzima mashine ya kurekodi siku ile. Viti vinasogezwa, watu wanaagana, mtu anacheka mbali. Halafu mama yako anakuja karibu kabisa na kipaza sauti, kwa ile sauti iliyochoka, mnong'ono wako wewe, na anasema:

"Argelio, zima hiyo mashine. Twende nyumbani, mtoto anatungoja."

Maisha yangu yote sikuwahi kumkatalia jambo, Yusdelis. Hili nimemkatalia. Watu saba bado hawajafika mia.

Mashine nimeiacha inawaka.

Baba yako